Wakuu, mwenye tatizo la histamini anakula matunda gani hapa Dar? Nimechoka kuungua uso kila siku saa nane

KaraniMchovu:

Habari zenu wakuu, uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, nimekaa nao kichwani miezi kama minne leo nikaona isiwe tabu, niutue.

Nafanya kazi Kariakoo, duka la vifaa vya maofisini, nakaa Gongo la Mboto. Kila siku saa nne asubuhi kuna dogo anapita na beseni la matunda ya kukata, papai, nanasi, tikiti, ndizi, na kipande cha parachichi juu kama kofia, buku tu unapewa kikopo na kijiti chako. Nimekula hayo matunda miaka na miaka. Sasa mwaka jana nikajifanya mtu wa afya, nikaacha chapati supu, asubuhi kikopo, mchana nikishakula wali samaki kwa mama lishe nashushia kikopo cha pili. Hapo ndo balaa lilipoanza.

Ikifika saa nane hivi uso unawaka kama nimeinamia sufuria la pilipili. Masikio ya moto, pua inaziba ghafla kama nimepata mafua ya dakika moja, shingo inawasha, kichwa kinagonga upande mmoja, na moyo unaenda mbio nimekaa zangu kwenye stuli sijabeba hata rimu ya karatasi. Saa kumi na moja naingia kwenye daladala niko fresh, hakuna kilichotokea.

Wife akasema presha, nikapima presha iko poa. Nikapima malaria hakuna. Taifodi wakasema ipo (hivi kuna mtu amewahi kupima taifodi hospitali za mtaani akaambiwa hana?) nikameza dawa wiki nzima hali ile ile. Nikaenda kupima aleji, ile ya kuwekewa vitone mkononi halafu wanakudonoa na kisindano, nanasi hamna, samaki hamna, embe hamna, karanga hamna. Yaani mimi kwa mujibu wa mkono wangu sina aleji ya kitu chochote duniani.

Dokta wa mwisho ndo akasema inaweza kuwa mwili unashindwa kuihimili histamini, ile kemikali ya kuwasha na kuvimba, inayotoka kwenye chakula, akanipa karatasi ya vitu vya kuepuka. Wakuu ile karatasi imeshuka na ndege kutoka Ulaya. Stroberi, rasiberi, kiwi, plamu. Mimi stroberi naijua kwenye picha ya yogati! Halafu humo humo wamepiga marufuku nanasi, papai, ndizi, machungwa, ndimu na parachichi. Sasa ukinitolea hayo nabaki na nini mjini hapa? Na stafeli halipo kwenye karatasi, fenesi halipo, topetope halipo, bungo halipo, zambarau hazipo. Haijasema nile wala nisile.

Mwenye uzoefu anisaidie, na aliyekuja kucheka acheke taratibu.

MbishiNambaMoja:

Magonjwa ya wazungu haya. Babu zetu walikula embe mpaka wanaota embe hakuna aliyesikia histasijui. Acha kusoma soma mitandaoni, kunywa maji mengi lala mapema.

ShangaziTemeke:

Pole mwanangu. Mimi kabla ya kufika huko kwa histamini ningemuuliza kwanza huyo dogo wa beseni kisu anaoshea wapi.

DkAsiliHalisi:

Mkuu nina unga wa mizizi 7 unasafisha damu, aleji zote kwisha ndani ya siku 9. Njoo inbox.

KaraniMchovu:

Wa mizizi saba kaa mbali na huu uzi tafadhali, nimeshakunywa dawa ya taifodi ambayo sikuwa nayo, inatosha.

@Mbishi babu yako alikuwa anakula embe limeanguka asubuhi hiyo hiyo, mimi nakula nanasi limesafiri kutoka Kiwangwa likalala Buguruni likakatwa usiku. Tusifananishe.

NesiZamuYaUsiku:

Nipo zamu na leo kumetulia (nimeshasema hivyo sasa watakuja wengi) ngoja nieleze kidogo.

Histamini sio sumu. Mwili wenyewe unaitengeneza na kuitunza kwenye seli, ndo hiyo hiyo inayofanya ukiumwa na mbu panavimba na kuwasha. Kwenye aleji ya kweli mwili unaona kitu fulani kama adui, kuna kinga maalumu inatengenezwa dhidi yake, na seli zinamwaga histamini kwa pamoja. Kile kipimo cha kudonoa kinatafuta hiyo kinga. Tatizo lako ni lingine kabisa, hapa histamini inaingia imeshatengenezwa tayari ndani ya chakula. Kwa mtu wa kawaida utumbo mwembamba una enzaimu inaitwa DAO, kazi yake ni kuivunja kabla haijaingia kwenye damu. Ukiwa na DAO kidogo, au imebanwa na kitu kingine, histamini inapita, unapata dalili zinazofanana na aleji na kipimo cha aleji kinasoma hamna. Kwa hiyo mkono wako haukudanganya.

Kuna kipimo cha damu cha hiyo DAO ila majibu yake peke yake hayatoshi kusema unalo au huna. Njia inayoaminika ni ya kizamani: unapunguza vyakula vyenye histamini wiki mbili mpaka nne, unaona kama dalili zinaondoka, halafu unarudisha kimoja kimoja huku unaandika.

Sasa kuhusu hiyo karatasi yako. Zile orodha zinachanganya vitu vya aina tatu kwenye kapu moja ndo maana zinachanganya watu. Kuna matunda yenye histamini yenyewe, hapo weka parachichi, na weka nyanya na bilinganya ambazo watu husahau kwamba ni matunda. Kuna matunda ambayo histamini yake ni ndogo ila yana ndugu zake, kwa mfano ndizi na machungwa yana kitu kinaitwa putresini, nayo inavunjwa na DAO ile ile, kwa hiyo wanagombania dirisha moja. Halafu kuna kundi la tatu, stroberi, nanasi, papai, kiwi, haya yanasemwa kwamba yanausukuma mwili umwage histamini yake wenyewe. Kwa kundi hili ushahidi kwa binadamu ni mwembamba sana, orodha nyingi zimenakiliana. Usiyafukuze matunda yote nyumbani kwa sababu ya kundi la tatu, yapunguze zile wiki za mwanzo halafu uyajaribu mwenyewe.

Na hao watafsiri wa mitandaoni wawe makini. Orodha inasema spinachi, mtu anaandika mchicha. Spinachi ndo imepimwa ikakutwa na histamini nyingi, mchicha ni mmea mwingine.

Muhimu: ukiona midomo au ulimi unavimba, koo linabana, unahema kwa shida au unataka kuzimia, hapo hakuna cha uzi wala daftari, ni hospitali muda huo huo.

KaraniMchovu:

Dada nesi Mungu akuweke. Kwa hiyo matunda gani ni salama zaidi ya kuanzia? Na wewe unaamini ni matunda kweli? Maana mimi dalili zinakuja nikishakula kikopo, hilo nina uhakika nalo.

NesiZamuYaUsiku:

Watu wengi wenye hali hii wanavumilia embe, tikiti, epo na zabibu mbichi. Anza na hayo. Liwe limeiva vizuri lakini lisiwe limepitiliza, ulimenye mwenyewe ule muda huo huo.

Swali lako la pili nikujibu kwa swali. Samaki wa mchana ni samaki gani?

KaraniMchovu:

Kibua. Siku nyingine jodari wa kukaanga kwenye mchuzi wa nyanya. Kwani samaki ameingiaje, nilishapima samaki hamna?

MzeeWaFeri:

Hahaha dada nesi umemnasa. Nimeuona huu uzi nikasema nipite tu ila hapa lazima niseme.

Nimepiga kazi soko la samaki Feri miaka kumi na tisa. Jodari, kibua, nguru, hawa samaki wa nyama nyekundu nyekundu hawataki mchezo na jua. Changu au tasi akikaa atanuka mapema utamjua, lakini jodari anaweza kukutazama vizuri tu jicho safi na ndani kashaharibika. Sisi wa zamani tulikuwa tunasema samaki kapata "pilipili", ukimla ulimi unachonyota kama umelamba pilipili manga, dakika kumi nyingi nusu saa mtu mwekundu masikio, anakimbilia chooni, kichwa kinagonga. Mimi yamenikuta mara mbili. Mara ya kwanza nikadhani nimelogwa na mtu wa mnadani.

Na huko kwa mama lishe nikwambie ukweli bila kumsema mtu. Samaki ananunuliwa mnadani alfajiri, anapanda kwenye ndoo juu ya bodaboda hana hata kipande cha barafu, anakaa mpaka saa tano ndo anakaangwa. Wanaobaki jioni wanawekwa, kesho wanatumbukizwa kwenye mchuzi. Na joto la Januari hilo na umeme unavyokatika.

MbishiNambaMoja:

Mzee samaki akishakaangwa kwenye mafuta yale kuna mdudu gani atabaki?

NesiZamuYaUsiku:

Mdudu anakufa, histamini haifi. Bakteria wanaigeuza histidini, moja ya vijenzi vya protini iliyojaa kwenye nyama ya samaki hao, kuwa histamini, na ikishatengenezwa moto hauiondoi, friza haiiondoi, ndimu haiiondoi. Barafu inasaidia kama imewekwa tangu mwanzo samaki anapotoka majini. Na hiyo ya ulimi kuchonyota inampata mtu yeyote, hata mwenye DAO tele, kama samaki kaharibika vya kutosha. Mwenye DAO kidogo anapata hata kwa samaki ambaye wenzake mezani wamemla wakanyamaza.

Matunda hayana protini nyingi, kwa hiyo tunda lililokatwa asubuhi halijazi histamini kwa kasi kama ya samaki. Litachacha, litakuharisha, hilo ni suala la usafi, hapo Shangazi yuko sahihi. Ndo maana nikauliza samaki.

DogoWaBeseni:

Mimi nauza matunda ya kukata maeneo ya Ilala, sio huyo wa kwako ila kazi ni moja. Nisikilizeni na mimi.

Tunaingia Buguruni saa tisa usiku. Nanasi kama Kiwangwa zimeingia unapata bei nzuri, papai unachagua lile lenye njano ya kati sio lile la kubonyea, maana la kubonyea ukikata vipande havisimami kwenye kikopo vinalala. Saa kumi na moja tunamenya, saa moja tupo barabarani. Kikopo cha asubuhi ni kizuri kaka nakuapia. Kikopo cha saa nane mchana ndo kile kile cha asubuhi, kimezunguka na mimi juani. Na kuna mchezo ambao sio wote tunafanya ila upo: ndizi ikishakuwa nyeusi anaikata vipande vidogo anaficha chini ya tikiti, kwa juu unaona nyekundu tu inapendeza.

Kwa hiyo kama unakula mara mbili, kula asubuhi. Mchana nunua tunda zima, embe au chungwa, umenyewe mbele yako.

ShangaziTemeke:

Na kisu?

DogoWaBeseni:

Shangazi kisu kinaoshwa 😂 ndoo ninayo.

MamaKijacho_Kimara:

Nisome hapa kimya kimya kumbe ni mimi! Mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa machungwa na mvinyo wa harusini, glasi moja tu pua inaziba nageuka nyekundu watu wanadhani nimelewa. Sasa nina mimba ya miezi sita na huwezi kuamini nakula machungwa ya Muheza sita kwa siku, ndimu nalamba, hakuna kitu. Nikasema nimepona.

NesiZamuYaUsiku:

Hujapona mama, umepata msaidizi. Kondo la nyuma linatengeneza DAO nyingi sana, mara mia kadhaa ya kawaida, ndo maana wenye hali hii wengi wanapata nafuu wakiwa wajawazito. Ukishajifungua inashuka. Furahia machungwa yako.

MamaKijacho_Kimara:

Kwa hiyo ni likizo 😭 mume wangu nimemwambia alete tenga zima kabla ya Septemba.

FundiMakochi:

Wakuu mimi embe ndo adui. Nikila dodo kesho yake au kesho kutwa midomo inatoka malengelenge pembeni inawasha balaa. Nayo histamini?

NesiZamuYaUsiku:

Hapana, hiyo ni utomvu. Ganda la embe na utomvu wa kwenye kikonyo vina kemikali inayouma ngozi, embe na korosho ni ukoo mmoja, waulize wabanguaji wa Mtwara vidole vyao. Inachelewa siku moja mbili, wakati histamini inakuja ndani ya saa chache. Menyewa na mtu mwingine, kata vipande, usilile kwa kung'ata na ganda uone.

FundiMakochi:

Embe bila kung'ata na kunyonya kokwa nalo ni embe?

SalunYaBinamu:

Na mimi naongeza. Nasuka na kupaka dawa kila siku glavu za mpira, mikono ikaanza kuwasha, baadae ndizi na parachichi vikawa vinanifanya koo linawasha. Niliambiwa aleji ya mpira na matunda kadhaa vinafanana fanana mwilini, kwa hiyo hiyo ni aleji kamili. Nimeacha glavu za mpira natumia zile nyingine za bluu.

Bodaboda_Mstaarabu:

Jamani nanasi likinichoma ulimi nalo je? Mimi nikila nusu ulimi unakuwa kama nimelamba msasa.

NesiZamuYaUsiku:

Hiyo ya msasa kwa wengi ni kawaida tu, nanasi lina enzaimu inayomeng'enya protini na wewe ulimi wako ni nyama. Ukilichemsha au kulipika inakufa. Ikiwa ni kuwasha ulimi kidogo na kuisha, kula kidogo kidogo. Ikiwa midomo inavimba, acha.

Mtu_wa_Hamburg:

Huku Ujerumani wanauza vidonge vya DAO unameza robo saa kabla ya kula. Naweza kukutumia mkuu Karani, nina ndugu anakuja Desemba.

ShangaziTemeke:

Vinatengenezwa na nini?

Mtu_wa_Hamburg:

Figo.

ShangaziTemeke:

Figo la nani?

Mtu_wa_Hamburg:

La nguruwe Shangazi.

KaraniMchovu:

Ahsante kaka kwa moyo wako ila naitwa Ramadhani 😂😂 nitakula tikiti.

NesiZamuYaUsiku:

Kuna vya mimea pia, lakini hata hivyo vinasaidia chakula cha mlo huo tu. Mkuu Karani, kuna dawa unatumia? Uliza hilo kwanza kabla ya kulaumu nanasi. Zipo dawa zinazoibana DAO. Ile antibayotiki ya amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki ni mojawapo, isoniazidi ya TB nyingine, na ya kuzuia kutapika metoklopramidi. Pombe nayo inabana. Na naomba msome vizuri: HAKUNA anayeacha dawa ya TB kwa sababu ya uzi wa matunda. Unaendelea na dawa, unaacha jodari, unamwambia dokta wako.

KaraniMchovu:

Sina dawa yoyote, na pombe situmii. Naanza wiki mbili Jumatatu. Nitaandika kwenye daftari la risiti ambalo lilikosewa kuchapwa, lina kurasa mia.

(wiki tano baadae)

KaraniMchovu:

MREJESHO. Najua mlidhani nimekufa.

Wiki mbili za kwanza: ugali au wali, kuku wa kuchinjwa siku hiyo hiyo, nyama, mayai, bamia, mchicha. Hakuna samaki, hakuna nyanya ya kopo, hakuna mtindi, hakuna achari. Matunda tikiti asubuhi, embe bolibo moja jioni. Wife alilalamika mchuzi bila nyanya, siku ya tatu akaanza kuweka karoti na nazi sasa hivi ndo anaupenda huo. Siku nne za mwanzo nilikuwa vile vile. Siku ya sita saa nane ikafika, ikapita, nikaangalia saa ni tisa na robo, nikamwambia mwenzangu dukani nishike uso. Baridi.

Wiki ya tatu nikaanza kurudisha, kitu kimoja kimoja kama nesi alivyonielekeza, na siku mbili za kupumzika katikati. Nawasomea daftari kama lilivyo:

"Jumanne. Papai robo, saa 4. Saa 8 hakuna. Saa 10 hakuna."

"Ijumaa. Ndizi kisukari 2 ngumu ngumu. Hakuna. Gesi kidogo (au maharage?)"

"Jumatatu. Kisukari 3 zimepiga madoa. Pua imeziba 6:40, kichwa kidogo, kimeisha saa 9."

"Alhamisi. Nanasi vipande 5. Ulimi msasa. Uso hakuna."

Nikafurahi mpaka nikajisahau. Jumapili hiyo tukaalikwa Mbagala kwa shemeji, kuna jodari wa jana yake ametiwa kwenye nazi. Sikula tunda lolote siku hiyo, narudia, sikula tunda. Dakika ishirini nilikuwa nimelala kwenye zulia la watu, uso moto, moyo unagonga, shemeji ananipepea na sahani ya plastiki. Wengine wote wamekula wako poa, mtoto wa miaka mitatu amekula kichwa chote ananiangalia.

Sasa nikarudi kwenye daftari nikaunganisha na kumbukumbu. Kikopo cha asubuhi cha saa nne hakijawahi kunifanya chochote miaka yote. Ni kile cha pili, cha baada ya kibua. Ni kama daladala, imejaa tangu Gongo la Mboto, watu wananing'inia mlangoni, anapanda bibi mmoja Buguruni na kikapu chake ndo anaambiwa bibi umejaza gari. Nanasi langu lilikuwa huyo bibi.

MzeeWaFeri:

😂😂😂 Nilisema mimi. Miaka kumi na tisa!

MbishiNambaMoja:

Kwa hiyo kichwa cha uzi ni cha uongo, matunda hayana kosa. Badilisha kichwa cha uzi.

KaraniMchovu:

Hayana kosa lote. Ndizi za madoa zilinikamata bila samaki, na juisi ya machungwa ya kukamuliwa ilinikamata mara mbili, chungwa moja zima nala halinifanyi kitu. Nadhani kwenye glasi moja yanaingia machungwa manne matano, kwa hiyo ni wingi. Parachichi kipande cha juu ya kikopo poa, parachichi zima na chumvi hapana. Na siku nikiwa sijalala vizuri hata papai linanichukia. Kwa hiyo hakuna orodha hapa, ni kiasi na nini kimetangulia.

NesiZamuYaUsiku:

Umefanya vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi. Ongeza moja: usibaki kwenye ile chakula ya wiki mbili moja kwa moja, rudisha kila kinachorudi. Watu wanaogopa mpaka wanabaki na wali na tikiti, wanapungua kilo. Na changu wa siku hiyo hiyo mjaribu kidogo, samaki weupe walio freshi wengi wanavumilia.

MzeeWaFeri:

Njoo Feri saa kumi na mbili asubuhi na ndoo yako ya barafu, nitakuchagulia mwenyewe. Shavu lifunue ndani liwe jekundu la damu, nyama ukibonyeza irudi. Kibua sahau.

DogoWaBeseni:

Na mimi nimebadilisha, mchana nabeba matunda mazima na kisu, namenya mbele ya mteja. Nauza kidogo ila hakirudi kitu.

ShangaziTemeke:

Mwenyezi Mungu akubariki mwanangu. Na ndoo ya maji?

DogoWaBeseni:

Mbili Shangazi. Mbili.

KaraniMchovu:

Swali la mwisho wakuu. Mama mkwe ametuma stafeli kutoka Tanga, kubwa kama kichwa cha mtoto, limeanza kulainika upande mmoja. Karatasi ya Ulaya haina habari nalo. Leo mchana nimekula kuku, usiku nililala masaa manane mazima, tumbo liko safi. Nakata upande mgumu sasa hivi saa mbili usiku, vijiko vitatu tu.

MbishiNambaMoja:

Siti ya mbele 🍿

KaraniMchovu:

Saa tatu. Kimya.

ShangaziTemeke:

Upo?

KaraniMchovu:

Saa nne na nusu, kimya, pua wazi. Nimerudi jikoni kuongeza vijiko viwili, nimekuta mbegu tu kwenye sinia, watoto wamemaliza.